Kibanja Kisicho na Kaburi

Tangu mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu Kihanga, tukaanza kununua ndizi gulioni kama watu wa mjini, niliapa kutafuta mahali ambapo hata barabara ikikatika na maduka yakifungwa, sufuria yangu itaendelea kuchemka. Mume wangu alinicheka, akasema najiandaa kwa vita. Nilivaa mabuti nikaanza kuzunguka.

Nkwenda nilipakataa siku ileile: soko zuri, malori mengi, lakini maji ya madumu. Nyakasimbi palikuwa na kibanja kinachouzwa, shamba na nyumba yake; nilikwenda kukiona makusudi mwisho wa kiangazi, maana masika kila chemchemi ni hodari. Ya pale ilikuwa bado inatiririka. Nikachimba udongo kwa jembe, ukatoka mweusi mpaka chini. Ng'ambo ya kijito palikuwa na wafugaji, kwa hiyo samadi isingekuwa shida. Nyumba ilikuwa mbovu, lakini nyumba hujengwa.

Kilichobaki ni mama. Tunaishi jirani naye, na magoti yake yamechoka. Tukihama, hana wa kumchotea maji. Bila yeye sihami, hilo nilikwishaamua. Ila kila nikimgusia kuhama ananijibu kwamba hawezi kumwacha mzee. Baba amezikwa nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na pembeni yake pameachwa nafasi ya mama.

Nikampeleka hivyohivyo, kwa bodaboda, akilalamika njia nzima. Mwenye shamba akampa shikamoo. Mama akaitikia, kisha bila hata kuitazama chemchemi yangu akauliza, "Makaburi yako wapi?"

"Hatuna, bibi. Sisi tulihamia tu. Watu wetu huwa tunawarudisha kwao."

Nilifurahi waziwazi. Kibanja chenye makaburi kina ndugu, na ndugu hawakawii kurudi kudai kwao. Nikamwambia mama hiyo ni bahati kubwa.

"Bahati gani? Hili ni pori tu," akasema, akaondoka na fimbo yake.

Nilikasirika. Miezi yote ile ya kuchimba na kuonja maji ya watu, halafu pori! Nikamfuata nikiwa na hotuba nzima mdomoni. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amesimama penye tambarare, anasogeza majani makavu kwa fimbo.

"Hapa msipande mgomba," akasema.

Nikapatazama pale, nikaikumbuka nafasi yake pembeni ya baba.

"Na baba je?"

"Baba yako ana wazazi wake pale, ana kaka zake. Ninyi hapa hamna mtu."

Hotuba ikaniisha. Nililia kwa sauti na wala sikuona haya. Mwenye shamba akaja mbio, akauliza kama tumeona nyoka.

"Hakuna neno," mama akamwambia. "Tumepapenda."