Matone Kwenye Njia ya Mikorosho

Juzi nilitoka Masasi kwenda Chilangala kutazama nyumba ya bibi yangu, maana nilipigiwa simu kwamba paa limeanza kuanguka. Nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa ukubwani usioisha kwa kulala. Kwenye kona za kupandia Newala, mguu wangu ulikanyaga breki mapema, ukaachia, na gari likapita kona bila kuyumba. Nikamkumbuka jirani yetu. Hilo sikufundishwa kwenye gari. Nilifundishwa kwenye baiskeli yenye dumu la maji kwenye keria.

Wewe uliyekulia penye bomba ndani ya nyumba nivumilie kidogo. Kwetu maji yalitoka kwenye bomba la kijiji, asubuhi tu, tena yakipenda. Pipa la bibi lilijaa kwa mizunguko mitatu: unakwenda kwa njia ya kanisani, unakinga, unarudi kwa njia ya mikorosho kwa sababu ile ya kwanza imeshajaa watu. Kengele ya kanisa ilinitoa kitandani, kengele ya shule ikanikuta njiani. Muhogo wa kiporo niliutafuna huku naendesha.

Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu alishachoka kuniona nafika watu wameshatoka mstarini. Akamwita bibi. Bibi, ambaye mguu wake mmoja ulishakataa kazi, alimsikiliza kwa adabu, kisha akarudi kuniambia kwamba shule na maji visipopatana mpaka mwisho wa mwezi, itakayoachwa ni shule. Hakusema kwa ukali. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia, kwa kuwa nilijua hana mtu mwingine wa kumtuma.

Jirani alikuwa dereva wa lori la korosho, amestaafu, anashinda kibarazani na saa yake ya mkononi utadhani bado kuna mzigo unamsubiri. Jioni ile aliniita. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia amekuwa akinipimia muda, na kwamba ninachelewa kwa sababu ninakimbia mno. Nikajisemea moyoni, mzee huyu naye ameanza kuchanganyikiwa. Lakini alikuwa ameniona vizuri: ninaingia kona kwa kasi, ninashtuka katikati, ninabana breki, maji yanaruka, ninasimama kukaza kamba, na nikifika nyumbani dumu limepungua hata mizunguko mitatu inakuwa minne.

Dumu letu lilikuwa limekatwa juu, na kama watu wote tuliweka majani juu ya maji yasiruke. Jirani aliyatoa majani yale akayatupa. Kesho yake, nilipomaliza mzunguko wa kwanza, alinirudisha kwa miguu kwenye njia ile ile. Mchanga ulikuwa na madoa ya maji, karibu yote kwenye kona.

"Soma hapo, mwanangu," akasema. "Kila palipolowa ndipo ulipokosea. Breki umalize kabla ya kona. Ukishaingia, waache maji walale, macho yako yatangulie kule unakotokea."

Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake, maji kwake walikuwa watu. Nikafanya hivyo, siku baada ya siku, na aibu ya kumwaga maji mbele ya majirani ilinifundisha kuliko fimbo. Nilijifunza kuanza kona kwa nje, kupita karibu na shina la mkorosho ulioinama, kisha kuiacha baiskeli itanue yenyewe kurudi nje. Nilijiona naenda polepole, na kumbe saa ya jirani ilisema vingine. Bibi hakujua habari za saa. Kila nilipoingia uani, kabla ya pole wala karibu, aliuliza jambo moja tu.

"Yamebaki kiasi gani?"

Wiki ya mwisho ya mwezi, pipa lilijaa kwa mizunguko mitatu, na kengele ya shule ikanikuta mstarini, mgongo mkavu. Mwalimu alinitazama, akaendelea kuhesabu watoto. Nilipopita kwa jirani mchana aligonga kioo cha saa yake kwa kidole, basi. Bibi alinipikia kisamvu cha nazi katikati ya wiki, na sikuwahi kufurahi vile tena.

Juzi nilifika mapema kuliko nilivyowaambia walionipigia simu na fundi wa paa, na hapakuwa na mtu. Njia ya mikorosho imelimwa, maji siku hizi huletwa na pikipiki. Kibaraza cha jirani kimebaki tofali chache. Bibi tulimzika zamani, na pipa lake limetoboka chini, kuku wanatagia humo.

Nilikaa karibu na lile pipa. Tangu mwezi ule nimewahi kila mahali, shuleni, kazini, mpaka kwenye misiba ya watu, na kila mahali wananisifu kwa kuwahi. Njia nzima nimekuwa nikimwagika, wala hakuna anayerudi kutazama mchanga. Jua lilisogea, fundi wa paa hakutokea, nami nikajikuta nimegeukia mlango wa bibi, nangoja kuulizwa yamebaki kiasi gani.