Mtani Kaanguka Dukani Kwangu

Leo mtani wangu kaninyang'anya duka, hapahapa Ruangwa!

Nimetoka kudeki, sakafu bado mbichi, Bi Zuhura kaingia kununua sukari.

Puu! Yuko chini.

Nikamkimbilia. "Pole mama, umeumia?"

"Kiuno! Wewe Mmwera umeniangusha, na sisi Wayao hatuangushwi bure. Toka kwenye kiti. Duka langu mpaka nipone!"

Kakalia kweli, anauza, wateja hawana mbavu. Mimi kanipa tambara nikaushe maji.

Nikateleza palepale. Chali!

Nikamwuliza nikiwa chini, "Mwenye duka, na mimi fidia yangu?"

Mama kanyanyuka kama msichana. "Shika duka lako, kiuno kimepona!"

Sasa kiuno kibovu ni changu. Watani wa Nachingwea, njooni mnipe pole.

Sakafu imekauka 😂