Kiangazi cha Kungoja Sehemu ya Pili

Enzi zetu pale Kambarage, sinema mpya ilikuja kwa basi kutoka Mwanza, kanda imeviringishwa kwa kanga ndani ya begi la mtu, na mtaa mzima ulijua imefika kabla dereva hajazima injini. Likizo ya mwezi wa sita ndiyo ilikuwa msimu wenyewe. Upepo wa kiangazi unapasua midomo, vumbi limetanda, na sisi watoto tukishachota maji hatuna kazi nyingine ila kungoja. Tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, huku tukibishana kuhusu sinema ambayo hakuna aliyeiona.

Mwaka ule tuliingoja sehemu ya pili. Ya kwanza iliishia jamaa ananing'inia darajani na adui amemkanyaga vidole. Mimi hata hiyo sikuwa nimeiona. Wasichana hatukuruhusiwa kukanyaga banda la video la Baba Kulwa; tulisimuliwa na wavulana, na tukalia vilevile.

Ndipo akaja Shija, mtoto wa mama mkubwa, kutoka Mwakitolyo alikokuwa anachimba dhahabu. Akajitapa kwamba kule machimboni wameshaiona. Jioni akatusimulia uani: vichwa vinaruka, damu inajaza mtaro, mwanamke anaoga mtoni mchana kweupe. Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Na watoto wa mtaa huu ndicho wanachongojea hicho?"

"Mama mdogo, dunia nzima inangojea," Shija akajibu kwa madaha.

"Basi nitaiona mimi kwanza. Ikiwa ni hivyo usemavyo, Baba Kulwa atafunga hilo banda lake."

Mama alikuwa balozi wa nyumba kumi. Akisema kitu kifungwe, kilifungwa. Wavulana walimnunia Shija wiki nzima, na mimi usingizi ukanipungua kwa ajili ya banda ambalo sikuwahi kuliona ndani.

Siku kanda ilipofika, Mama alijitanda kanga akaenda mchana uleule. Sisi wasichana tukamfuata kwa mbali. Wavulana walisimama kama mwalimu mkuu ameingia darasani. Baba Kulwa akampisha kiti chake mwenyewe.

"Mwadila, Mama Nkwimba," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita kwa jina langu.

"Mwadila. Washa."

Tukatega masikio nje ya turubai. Risasi, muziki, kisha kimya. Mara tukasikia sauti tunayoijua kuliko zote:

"Geuka nyuma, mjinga wewe! Yuko nyuma yako!"

Alitoka jasho linamtiririka, macho mekundu kwa kulia. Hapakuwa na kichwa kilichoruka wala mwanamke mtoni. Shija hakuwa ameiona kabisa; alitunga yote. Mama alimtazama, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia Baba Kulwa mbele ya watu.

"Kesho mchana wavulana wakae nje. Nawaleta wasichana na mama zao. Na mimi narudi, kuna mahali sikuona vizuri."

Kesho yake tuliingia tumevaa nguo za sikukuu. Joto, harufu ya jasho na karanga za kukaanga, picha yenye mistari inayorukaruka. Jamaa alipopanda juu ya daraja, akina mama walipiga vigelegele kana kwamba wanamtoa bwana harusi. Mama alinibana mkono hadi ukauma, na nilitamani asiuachie.

Leo binti yangu anaonyeshwa kwenye simu vipande vya sinema itakayotoka miezi ijayo. Anajua siku yake, anajua waigizaji, anajua mpaka nani atakufa. Ikitoka ataitazama kitandani, spika ndogo masikioni, na katikati ataisogeza mbele kwa kuwa, kwa maneno yake, "inazunguka sana." Watoto hawa hata kungoja wanakungoja kwa haraka! Picha zao ni safi, sikatai. Lakini nasema bila kusita: sisi tulifaidi zaidi.

Juzi nilimsikia anacheka chumbani peke yake. Nikachungulia, nikamuuliza kuna nini.

"Hamna kitu, Mama," akanijibu, macho kwenye kioo cha simu.

Nikarudi zangu jikoni. Chumba cha pili, mdogo wake naye alikuwa anacheka, sinema nyingine kabisa.