Mtu Hai Hajaonekana

Mwaka niliomaliza chuo nilipata kazi ya muda katika kampuni ya kununua pamba. Kazi yenyewe ilikuwa kuzunguka vijijini na kishikwambi, nikisajili sura za wakulima. Asiyesajiliwa hapati mbegu wala dawa ya kupulizia. Zamani karani wa ghala aliwajua watu wote, kwa majina na kwa ugomvi wao. Sasa kampuni ilitaka mashine ndiyo iwajue. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, kishikwambi kilisema kwa sauti. Ilikuwa sauti ya kike, ya upole, Kiswahili kilichonyooka kuliko cha yeyote kati yetu. Ilimwambia mkulima atazame mbele, apepese macho, ageuze shingo, atabasamu. Kwenye mafunzo tulielezwa kwamba inafanya hivyo ili asije mtu akaleta picha ya marehemu akachukua mbegu. Wenzangu waliandika, wakafunga madaftari. Mimi nilikwenda na swali nyumbani: inajuaje? Ni kitu gani hasa inachokitafuta usoni kwa mtu, ambacho marehemu hana?

Kijiji cha mwisho kwenye ratiba yangu kilikuwa cha bibi yangu, aliyenilea.

Macho ya bibi ni mekundu tangu nimjue. Kwetu kuni ni shida. Watu hupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake haumwachi mtu. Hospitali ya misheni waliwahi kumwambia kope zake zimejikunja kwa ndani, zinakwaruza jicho, wakampa dawa ya matone. Lakini macho mekundu ya mwanamke mzee, huku kwetu, watu hawasubiri daktari ayaeleze; husema ni ya mchawi. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na nyumba ng'ambo ya mbuga, ya bibi mmoja aliyeishi peke yake. Siku moja tukaikuta haina paa, kuta zimeungua. Tulikatazwa kuuliza, na tulikatazwa kupita njia ile. Tangu hapo bibi yangu akienda msibani hushusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi.

Siku ya usajili alikuja na kitambaa kimeshushwa, akapanga foleni kama wengine mbele ya ghala. Zamu yake ilipofika nilimwomba akipandishe.

"Nitazame wapi? Kwenye hiki kisahani?"

"Kitazame kama mchumba, bibi!" mama jirani alipiga kelele nyuma yake. Nyumba zao zinapakana. Amekuwa akiazima moto kwa bibi tangu aolewe.

"Mchumba gani hana hata miguu?"

Foleni nzima ilicheka. Sauti ikasema apepese macho. Nikamtafsiria kwa Kisukuma, akapepesa, kope zikashuka taratibu na kupanda nusu. Ikasema ageuze shingo, akageuza. Ikanyamaza kidogo, halafu ikasema, kwa upole uleule, "Mtu hai hajaonekana. Tafadhali weka mtu hai mbele ya kamera."

Watu walicheka zaidi. "Bibi, umekufa lini na hukutuaga?"

"Niliwaaga, mlikuwa mmelewa."

Nilirudia. Nilimfuta uso kwa kanga, nikamgeuzia upande wa mwanga. Sauti ikasema yaleyale, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Kupunguza sauti sikuweza. Kampuni ilikuwa imeifunga hivyo, ili sisi mawakala tusiwafiche wakulima majibu. Niliporudia mara ya tatu hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akamweka nyuma ya sketi. Bibi alishusha kitambaa chake, akashukuru, akaondoka bila kusajiliwa.

Jioni hiyo mama jirani hakuja kuazima moto.

Aliyekuja alikuwa kamanda wa sungusungu, ndio walinzi wa kijiji. Ni mzee wa heshima. Alinibeba mabegani nikiwa mdogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akauliza hali ya mjini, akauliza mvua, akauliza kama ni kweli sasa kuna magari yasiyo na dereva. Kisha akaegemea fimbo yake.

"Mimi sisemi kitu, mjukuu wangu. Watu ndio wanaosema. Mganga akimtaja mtu, tunasema kalipwa. Jirani akimtaja, tunasema ana wivu wa shamba. Sasa hicho chombo chako kina shamba wapi? Nani kakilipa?"

Nilimweleza. Nilimweleza vizuri mno, hilo ndilo tatizo langu. Nilisema mashine haijui uhai, inajua mifano tu. Kwamba ilionyeshwa sura nyingi ikajifunza mtu anafananaje, na huenda hazikuwamo sura za wazee wenye kope kama za bibi.

Alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo kimeona watu wengi."

"Wengi sana, babu."

"Na katika watu wote hao, hakuna aliyefanana na bibi yako."

Kila nilichotaka kuongeza kilikuwa kinamchimbia bibi shimo zaidi.

"Kesho kuna mkutano," alisema. "Kirudie mbele ya watu. Kikimwona, midomo itafungwa."

"Kisipomwona?"

Alitazama upande wa shamba, akasema ng'ombe wa mtu wanasogelea mahindi, akaondoka akiwafuata.

Nilimwambia bibi tupande basi alfajiri twende Kahama, ninakokaa. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimamisha mikono. "Nikiondoka leo, nitakuwa nimewajibu," alisema. "Na babu yako nani atamfagilia?" Kaburi la babu liko nyuma ya zizi. Nilitaka kumwambia kwamba marehemu hafagiliwi na mtu aliyeunguzwa, lakini nililiacha neno hilo, kwa sababu hapo ndipo nilipojisikia nikiliwaza waziwazi.

Mkutanoni watu walijaa kuliko siku ya usajili, hata wasiolima pamba. Bibi aliwekewa kigoda katikati. Mama jirani alisimama pembeni, mikono kifuani, hakunitazama. Nilipiga magoti kando ya bibi. Nikakinyoosha kishikwambi mbele yetu, nikamshika bega, nikaweka shavu langu kwenye shavu lake. Tangu utoto huambiwa nimeuchukua uso wake mzimamzima. Ni macho tu ndiyo tofauti.

"Mbona na wewe umeingia?" mtu aliuliza.

"Mikono yake inatetemeka," kamanda alijibu kabla yangu. "Muacheni mtoto amshike bibi yake."

Sauti ikasema pepesa macho. Tulipepesa. Ikasema geuza shingo, tukageuka pamoja kama ng'ombe wa jembe moja. Ikasema tabasamu, nami nikatabasamu kwa nguvu hadi taya zikauma. Ilinyamaza muda ulionitosha kuiona ile nyumba isiyo na paa.

"Asante. Mtu hai amepatikana."

Vigelegele vilipigwa. Mama jirani alikuja mbio akamkumbatia bibi akilia, akisema, "Mama, mimi nilijua, mimi nilijua!" Kamanda aligonga fimbo chini, akatangaza kwamba jambo limekwisha na atakayelifufua atalipa faini ya ng'ombe. Bibi alinivuta sikio karibu na mdomo wake.

"Kimemwona nani?"

Nilikifunga kishikwambi. Alinipigapiga mgongoni. "Nyamaza hivyohivyo," alisema.

Nilirudi Kahama. Sisi mawakala nasi tulihesabiwa kwa sura kila asubuhi, kwenye kifaa kilichotundikwa mlangoni pa ofisi. Nilisimama mbele yake kama kawaida. Kikanikaribisha kwa jina la bibi, kikanitakia msimu mwema wa kilimo.

Msimamizi wangu, kijana asiyenizidi umri kwa mengi, alicheka hadi akakaa. "Kumbe una shamba, unatuficha!" Kisha akafungua kompyuta yake, kicheko kikamwisha. "Sikiliza. Mfumo haukubali sura moja iwe ya watu wawili. Lazima nifute mmoja. Namfuta mkulima, sawa?"

"Ukimfuta, kijijini watajua?"

"Ujumbe unakwenda ghalani moja kwa moja. Wanasomewa wote."

Nilijua utakavyosomwa, na kwa sauti ipi. Nilijiuliza kama kosa langu linaweza kuelezwa kwa barua, nikajijibu kwamba barua itasomwa na mtu atakayepeleka swali kwenye mfumo. Nilijiuliza mengine mengi. Msimamizi alikuwa ameshika kipanya, ananisubiri.

"Nifute mimi," nilimwambia.

"Bila sura huwezi kuingia kazini. Unaelewa?"

"Naelewa."

Alinitazama kana kwamba nimeumwa ghafla, akabonyeza.

Nilifika kijijini mbegu zikigawiwa, na nikasimama kwenye foleni kwa niaba ya bibi, kwa sababu kifaa cha ghalani nacho huuliza sura. Kilinipokea kwa jina lake. Hakuna aliyeshangaa, kwani walituona tukisajiliwa shavu kwa shavu; karani alinijazia gunia. Tulipanda wiki hiyohiyo. Mama jirani amerudi kuazima moto, ila humtuma mtoto, na mtoto huuchukulia mlangoni.

Kamanda alipita tukiwa tunapalilia. Alimsalimia bibi kwa Kisukuma, mwadila, kwa adabu yote, lakini alisimama nje ya mpaka wa shamba. Akanigeukia mimi.

"Wakati wa kupima pamba, hicho chombo kitamuuliza tena?"

"Kitamuuliza, babu. Na kila msimu."

"Na wewe utakuwepo?"

Nilikuwa na maombi ya kazi Geita, mengine Mwanza. Nilifungua mdomo niyataje.

"Atakuwepo," alisema bibi, bila kuinua macho kutoka kwenye jembe. "Aende wapi?"