Nilivyomfuata Mama Mkwe Kwenye Miwa

Kwa miaka minne niliwafundisha vijana wa shule moja ya upili mjini Kitale somo la maadili na jamii. Kila Januari nilianza kwa kuandika ubaoni kwamba utamaduni ni jumla ya mwenendo wa maisha ya watu, na neno "jumla" nikalipigia mistari miwili. Sijui mistari ile miwili ilikuwa ya kazi gani, ila nilijiona msomi sana nikiipiga.

Mchumba wangu alikuwa muuguzi, Mbukusu wa Kabuchai. Mimi ni Mkikuyu niliyezaliwa Kachibora, mama yangu akiuza viazi sokoni. Kwetu mgeni asiposhikwa mkono ni kama amefukuzwa. Mama yangu humshika mtu mkono, akautikisa, akakaa nao mpaka aulize habari za kila mtu wa nyumbani kwenu pamoja na ng'ombe.

Safari ya kwanza ya kwenda kwao, mchumba wangu alijaribu kunionya. Tulikuwa bado kituoni Kitale. "Ukifika, mama yangu usi..." akaanza. Nikamkatiza. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, mambo ya utamaduni ndiyo kazi yangu, kisha nikamweleza utamaduni wa Wabukusu kutoka Kitale hadi tuliposhuka Bungoma. Aliniangalia tu. Nilidhani anashangazwa na elimu yangu.

Kwao nilipokewa vizuri. Baba mkwe alinisalimia, shemeji yangu, kaka yake mchumba, akanivutia kiti, na nikaletewa kuku mzima pamoja na firigisi yake. Lakini mama wa nyumba sikumwona. Mara moja niliona pindo la leso likipotea nyuma ya mlango wa jikoni, basi. Nilikula kuku yule wote nikiwa nimenuna. Njiani kurudi niliamua jambo lenyewe ni wazi: mama yule hataki bintiye aolewe na Mkikuyu. Iliniuma kweli. Wiki nzima nilifundisha vibaya, na nikawapa wanafunzi insha kuhusu ukabila.

Mwezi uliofuata nilirudi peke yangu, kwa boda boda, kusudi nimalize maneno. Kikao cha mahari kilikuwa kimepangwa wiki iliyokuwa ikija, na sikutaka kuingia kikaoni na mama mkwe aliyenichukia. Karibu na boma lao nikashuka ili nifike kwa adabu, nikitembea. Hapo nikamwona. Alikuwa anakuja peke yake katika kile kinjia cha katikati ya miwa, kikapu cha mahindi kichwani. Aliponiona alivuta leso usoni, akageuka, akaingia ndani ya miwa.

Mtu mwenye akili angeendelea na safari yake. Mimi nikamfuata.

"Mama!" nikaita. "Mama, ni mimi! Nataka tu kukusalimia!"

Akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Majani ya miwa yakanichana mashavu na tai. Kikapu kikamwanguka, mahindi yakatawanyika, naye akasimama. Nikaukamata mkono wake kwa mikono yangu yote miwili, nikautikisa kama tunavyofanya Kachibora, nikamuuliza habari za nyumbani. Alikuwa ameinamisha uso. Mara akauchomoa, akaenda. Niliokota mahindi yote, nikaingia bomani na kikapu begani kama mshindi wa mashindano.

Shemeji yangu alinitazama, akatazama kikapu.

"Ati ulimfuata ndani ya miwa?" akauliza. "Na ukamshika mkono? Shemeji, bana! Si wewe ni mwarimu?"

Akanieleza palepale, huku nimesimama na kikapu changu. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono. Hawakutani njiani, hawali pamoja. Anayemwona mwenzake kwanza anampisha, na kumpisha ndiko kumheshimu. Mama yule hakunikimbia kwa chuki. Alikuwa ananifanyia adabu, nami nikaifukuza adabu hiyo mpaka nikaikamata.

Baba mkwe alisema kikao cha mahari kimesimama hadi mama aseme. Mchumba wangu hakuniongelesha siku tisa. Nilipoteza usingizi na hamu ya chai. Nilijua kabisa kwamba nikimkosa mwanamke yule, nitakuwa nimemkosa kwa ajili ya mdomo wangu, si kwa ajili ya kabila langu.

Hatimaye niliitwa. Nilipeleka kondoo na blanketi zito, nikakalishwa sebuleni na shangazi yao mzee kama mlinzi wangu. Mama mkwe alikuwa jikoni, ukuta katikati yetu. Nikaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza.

"Mwambieni nimesamehe. Lakini awache mbio." Kisha akaongeza: "Na mumuulize ile siku ya kwanza, kuku alikuwa mtamu? Hiyo ilikuwa ile yangu ya kutaga. Nilimchinjia mimi mwenyewe."

Nililia pale sebuleni, na shangazi akajifanya anaangalia dirisha.

Tulioana. Miaka mitatu baadaye nilikuwa sokoni Kitale kwa mama mmoja wa kwetu muuza kabeji, nikamwona mama mkwe akija na kikapu, amekuja mjini kumwona mjukuu. Nilipiga mbizi nyuma ya rundo la kabeji na tai yangu. Nilipochungulia, alikuwa amegeukia upande wa pili, leso mdomoni, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Mwalimu," muuza kabeji akaninong'oneza kwa huruma, "yule mama amekukosea nini?"

"Hajanikosea," nikamwambia. "Tunasalimiana."