Kijiko cha Danzi

Harufu ya ganda la danzi haibishi hodi. Juzi nilikuwa sokoni Mwigobero natafuta dagaa, mwanamke mmoja karibu yangu akawa anabonyeza machungwa machungu kwenye ungo, na mkono wangu wa kushoto, wenye kovu, ukaanza kuwasha. Wauza dagaa wakanicheka: "Mama, umeingiliwa na siafu?" Nikasema ndiyo. Ningewaelezaje pale?

Ninyi nitawaeleza. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaandika ninavyosema, na majina nitayataja. Waliotenda walikuwa na majina.

Wa kwanza ni Eleni, mke wa Mgiriki aliyekuwa na kinu cha kuchambua pamba upande wa Bunda. Mama yangu alikuwaga mpishi wake. Huyo Madamu ndiye aliyemfundisha kupika matunda ya shira ya kwao. Danzi unalikwangua ngozi ya juu, ganda unalipasua, kila kipande unakikunja kama mkeka mdogo, unavitunga kwa sindano na uzi kama shanga. Unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, mpaka uchungu wenyewe uchoke. Ndipo sukari iingie. Ukidondosha tone kwenye kisahani likasimama bila kutambaa, shira imeiva.

Madamu alifundisha kwa mwiko. Shira ikiungua, mwiko kwenye vifundo vya vidole. Vidole viwili vya mama havikunyooka tena maisha yake yote. Na Wagiriki walipoondoka, mama alitoka na mwiko uleule, visahani vya kioo na mche wa danzi. Sisi watoto vifundo vyetu vikaujua huo mwiko.

Alitoka pia na adabu yao. Mgeni akiingia, kabla hajasema kilichomleta, anapewa kijiko kimoja cha tunda kwenye kisahani, na glasi ya maji. Kimoja tu. Majirani waliona ni uchoyo. "Kwa Mama Nyangeta unakaribishwa kwa kulambishwa," walisemaga. Mama akacheka. Kwetu mtu aliyekula kwako hawezi kukuinulia mkono siku hiyo, hata kama mna kesi. Yeye akaunganisha ya kwetu na ya Mgiriki. "Hiki kijiko ni kufuli ya nyumba," alituambia. Sikuwahi kumuuliza mbona Madamu alikulaga kila siku mapishi ya mama na mkono akauinua.

Mwaka wa Operesheni Vijiji tuliambiwa tuhamie kijiji kipya, kwenye barabara ya Butiama. Mama hakukataa. Aliomba tu tungoje mvua ipite, maana kule hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi vya viwanja tu, na mdogo wangu Masatu kifua chake kilikuwa kibovu. Wambura, katibu wa chama, akasema sawa, tungojeane. Alisema uongo.

Siku waliyokuja, mama alikuwa amebandika danzi kwa sukari aliyoidunduliza tangu pamba ilipouzwa. Masatu alikaa kando ya mafiga akisubiri kulamba mwiko. Mimi nilikuwa nafukuza nyuki. Tukasikia nyumba ya jirani inalia kwa moto, halafu mgambo wakaingia uani na Magesa mbele. Magesa huyu alizaliwa boma la pili kutoka kwetu. Mama alimbeba mgongoni.

"Mama Nyangeta! Umeanza kupika gongo ya Kizungu?"

"Magesa mwanangu, karibu kwanza ukae."

"Kukaa hakuna. Toa vyombo, nyumba inachomwa."

Mama hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na kisahani, kijiko kimoja na glasi ya maji kwenye mikono yake yenye vidole viwili vilivyopinda. Wenzake Magesa wakaangua kicheko: "Kijiko kimoja! Hicho hata kifaranga hashibi!" Lakini Magesa alikipokea. Alikula. Alilamba kijiko pande zote mbili, akanywa maji mpaka chini. Nikamwona mama anashusha pumzi. Nami nikashusha. Kufuli imefunga.

"Tamu," akasema Magesa. Kule barabarani Wambura akapiga honi ya gari. Magesa akageuka, akaipiga teke sufuria.

Maji ya moto yanakuunguza yakapita. Shira haipiti. Inakamata ngozi, ukiivuta inakuja nayo. Mimi ilinikamata mkono. Masatu ilimkamata kifuani na usoni, akafungua mdomo bila sauti kutoka. Mama alimrukia, akawa anambandua shira kwa vidole vyake, na nyuma yake nyasi za paa zilikuwa zimeshashika moto. Magesa alisimama na kisahani mkononi kama aliyesahau pa kukiweka. Masatu alikufa juu ya lori, kati ya magunia yetu ya mtama, kabla hatujafika kwenye vigingi.

Magesa akawa jirani yetu kijijini. Mama alipanda danzi jingine na akaendelea kupika. Kila aliyepita alipewa kijiko. Magesa akipita, alipewa maji matupu, kwa mikono miwili na heshima zote. Nilimchukia mama kwa maji yale. Niliona ni woga.

Mama hayupo, nami nahamia uzeeni hapa Bweri. Mwaka jana bodaboda ilimshusha Magesa mlangoni, mzee, mguu mmoja anauburuta. Alikaa, akatazama chupa ya danzi juu ya kabati.

"Nyangeta mwanangu, ule utamu wa mama yako bado unaujua?"

Hapo ndipo nilipomwelewa mama. Maji hanyimwi hata mbwa. Kijiko hupewa mgeni, na mama kila siku ya maisha yake alimwambia Magesa, bila kufungua kinywa, kwamba hajafika kwake.

"Naujua," nikamjibu.

Nikamletea maji.