Kuipa Ndege Mgongo

Soko huria lilipoanza na bidhaa za nje kuingia kwa wingi, mjomba wangu, fundi redio mjini Morogoro, alianza kununua vitu asivyovijua. Aliamini kwamba kitu chenye waya ndani hakiwezi kumshinda. Siku moja alirudi na boksi refu lililofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na ndege ya mbao nyepesi, kila bawa refu kama mkono wangu, pamoja na rimoti yenye vijiti viwili na antena ya kuvuta.

"Hii tutairusha," alisema.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilikuwa najifunza ufundi dukani kwake. Nilikuwa na haya sana. Mteja akiingia, niliinamia redio iliyo mbele yangu hata kama ilikuwa imeshapona.

Ilituchukua wiki nyingi kuielewa ile ndege. Rimoti hurusha mawimbi kama stesheni ya redio, ila msikilizaji wake ni mmoja tu: kisanduku kilichomo tumboni mwa ndege. Kisanduku kikisikia, huamuru vimota vidogo, navyo huvuta nyaya zinazogeuza vibao vya mkiani. Kibao kimoja huipeleka ndege kushoto au kulia, kingine huinua pua au kuishusha. Injini ilikuwa ndogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini ilikunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo, na duka zima likanuka kama wodi.

Mjomba aliirusha kwanza, maana ndege ilikuwa yake. Ilipaa vizuri, ikaenda vizuri. Ilipogeuka kurudi ndipo akaanza kugombana nayo.

"Kushoto! Nimesema kushoto, wewe!"

Ndege ilikwenda kulia mpaka kwenye shamba la mihogo. Pangaboi la puani likavunjika, tukabaki na moja tu la akiba.

Mimi nilikuwa nimeliona kosa. Ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Dawa yake ni kuipa mgongo: unageuka uelekee inakoelekea, halafu unaitazama kwa juu ya bega. Kulijua jambo hili kulinichukua dakika moja. Kumwambia mjomba kulinichukua siku tatu.

"Nigeukegeuke uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia?" alisema. "Mtu mzima mimi?" Akafikiri kidogo. "Basi Jumapili rusha wewe. Ukiirudisha nzima, rubani ni wewe. Ukilivunja pangaboi, ndege inapanda juu ya kabati, na wewe unarudi kutengeneza pasi."

Nilitaka mno kuwa rubani. Niliona ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya bila kuongea na mtu.

Jumapili asubuhi tulikwenda kwenye uwanja wa majani nje ya mji, chini ya milima. Mjomba alikuwa ametangaza mtaa mzima, kwa hiyo watu walikuja.

"Ikikatiza kwenda Mzinga, kwenye kiwanda cha silaha cha jeshi," alininong'oneza, "mimi na wewe hatujuani."

Ilipaa. Niliizungusha mara mbili, na kila ilipotujia niliipa mgongo. Watoto walicheka, nikavumilia. Katika mzunguko wa tatu ndege ilikuwa inarudi kutoka upande wa mlimani, nami nimeipa mgongo, niliposikia sauti nyuma yangu kwenye njia ya miguu.

"Huyu kijana si ni wa kwangu huyu?"

Alikuwa mwalimu wangu wa darasa la nne. Ndiye aliyetufundisha, na fimbo mkononi, kwamba anayemwamkia mkubwa huku amempa mgongo hajaamkia. Mwili wangu haukunisubiri. Niligeuka, nikakusanya miguu, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Hujambo? Na nyumbani?"

"Sijambo, mwalimu. Nyumbani hawajambo."

"Na mama je?"

"Ndege wewe!" mjomba alipiga kelele. "Ndege!"

Niliinua macho. Ilikuwa inatujia huku imelala upande. Nilisukuma kijiti kushoto, ikazidi kulala. Watu wakaanza kukimbia. Nilijua la kufanya, ila mwalimu alikuwa bado amesimama mbele yangu akisubiri habari za mama.

"Mwalimu, samahani, nakupa mgongo!" Nilisema kwa sauti ambayo hata mjomba hakuwahi kuisikia.

"Nipe, mwanangu, nipe!" alijibu, na yeye mwenyewe akalala chini kwenye majani.

Niligeuka. Kushoto kukarudi kuwa kushoto. Ndege ikanyooka, ikapita juu yetu, nikapunguza moto wa injini na kuishusha polepole. Iliruka mara mbili kama chura, gurudumu moja likatoka, ikasimama. Pangaboi lilikuwa zima.

Watu walishangilia. Mjomba alikuwa anamweleza kila mtu jinsi alivyonifundisha. Alibandika gurudumu, akajaza mafuta, akachukua rimoti.

"Sasa waone ya fundi mwenyewe."

Nilitazama migomba ya mlimani. Majani yalikuwa yameanza kupinduka.

"Hapana, mjomba," nilisema. "Upepo wa mlimani umeanza kutushukia. Leo hairuki tena."

Alinitazama, akawatazama watu, akaitazama migomba. Halafu akaanza kuikunja antena.